Mzunguko wa Kimbiji

Vijana watatu wa ofisini kwetu wamenunua pikipiki kubwa, zile ambazo mwenyewe hazipandi bila koti zito hata kama jua la Dar linayeyusha lami, na tangu wazinunue hawana mazungumzo mengine. Juzi walikuwa wameinamia simu moja wanapanga safari ya siku moja ya kuzunguka pwani. Wavuke Magogoni na pantoni ya kwanza, wafuate ufuko wa Kigamboni mpaka Kimbiji, wapige picha, wale samaki, halafu warudi kwa njia ya Kongowe na Mbagala. Mmoja akaniuliza, "Dada, hivi ukishapita Mjimwema kuna sheli huko mbele?" Nikawatajia njia nzima bila kutazama simu, kijiji kwa kijiji, mpaka wakatazamana. "Kumbe dada ni mtu wa pikipiki!" Nikawaambia hapana. Njia hiyo naijua yote kichwani, na kwa pikipiki sijaipita hata siku moja.

Jioni nilipotoka, fundi mmoja kando ya geti letu alikuwa anaamsha pikipiki kuukuu, ya aina ile inayotumia petroli iliyochanganywa na oili. Siku hizi huzikuti kwa urahisi. Ikakohoa, ikatoa moshi wa buluu, na harufu yake ikanifikia, nzito, tamu kidogo, ya kukaa kooni. Sisi tuliokulia kwenye nyumba za vyumba sita za Kariakoo kila mtu ana harufu yake iliyomlea. Kuna wa mafuta ya taa, kuna wa maandazi ya alfajiri. Yangu ni hiyo ya moshi wa buluu. Nilisimama pale mpaka fundi akaniuliza kama nina shida, nikajikuta nimekasirika, hasira mbichi kabisa ya mtoto wa darasa la tatu, na mimi mtu mzima nimeshika mkoba na miwani ya kusomea.

Nyumba ilikuwa ya bibi yangu, mama yake baba. Mimi na Bibi tulilala chumba cha mbele, baba cha pili, na vingine vilikuwa na wapangaji. Mama hakuwepo. Baba alimpa talaka nikiwa mdogo, na nilipofika umri wa kuanza shule nikachukuliwa kutoka kwao Kimbiji nikaletwa mjini, maana desturi yetu ni kwamba mtoto akifikia umri huo hurudi upande wa baba. Tangu hapo nilimwona mama mara mbili tu, zote sikukuu ya Idi alipokuja mjini. Nikiuliza kwa nini hatuendi kwake, baba alijibu kwamba barabara ya huko ni mchanga mtupu, magari hayafiki. Jibu hilo nililipokea kama lilivyo. Kwa akili yangu, kati yangu na mama palikuwa na mchanga, basi, na nikipata chombo cha kuupita mambo yote yatakuwa yamekwisha.

Na chombo chenyewe kilikuwa kinalala ukumbini kwetu. Kilikuwa cha mpangaji wa chumba cha mwisho, Mnyamwezi wa Tabora aliyekuwa na kibanda cha spea za pikipiki mtaa wa pili kutoka kwetu. Pikipiki nyekundu, tangi limebonyea upande mmoja, na chini yake kipande cha boksi cha kuzuia oili isimwagike sakafuni. Bibi alilalamika kila asubuhi kwamba nyumba yake inanuka gereji. Mwenye pikipiki alikuwa na jina lake, lakini nyumba nzima ilimwita Mtani, kwa sababu sisi ni Wazaramo, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu.

Utani wenyewe haukuwa wa mchezo. Mtani akirudi kutoka kibandani alipitiliza mpaka uani, akafunua sufuria ya Bibi bila hodi, akachukua kipande cha samaki na kukitia mdomoni.

"We Mnyamwezi! Hicho cha mjukuu wangu!"

"Mjukuu wako nilishamnunua kwa debe la mtama. Hawajakwambia?"

"Mchukuzi we! Nenda bandarini ukabebe mizigo!" Na Bibi anamkimbiza na mwiko, mwanamke mzito yule, anacheka mpaka anashika ukuta.

Babu alipofariki, jeneza lilipokuwa linataka kutoka, Mtani alijilaza kizingitini. Akasema maiti haitoki mpaka yeye apewe kofia ya marehemu, kwa kuwa marehemu alikuwa mtumwa wake na mali ya mtumwa ni ya bwana wake. Watu waliokuwa wanalia wakacheka huku machozi yanawatiririka. Bibi mwenyewe, mjane wa saa chache, akaagiza kofia ya marehemu iletwe, Mtani akapewa. Hakuna aliyemkasirikia. Ndivyo nilivyolelewa nikijua: mtu akikutania huruhusiwi kununa. Ukinuna, mwenye makosa ni wewe.

Kwa kuwa nilikua katikati ya mambo hayo, nilijitungia kanuni yangu ya kumjua. Mtani akitania hupaza sauti, na hataki kutania bila watu wa kumsikia. Akiwa na jambo la kweli hushusha sauti, tena hutafuta kitu cha kufuta kwa kitambaa, plagi au boliti yoyote iliyo karibu. Kanuni hiyo sikumwambia mtu. Niliiona kama siri ya kazi.

Alasiri nikitoka madrasa nilikuwa napitia kibandani kwake. Alinikalisha juu ya kreti la soda, nami nikimsaidia kupanga tyubu kwa ukubwa. Siku moja, akiwa anafuta karbureta, akasema kwa sauti ile ya chini, "Mzaramo, miaka yote hii niko Bongo, bahari ninayoijua ni ya Feri tu. Jumapili moja nataka nifunge kibanda, nipige mzunguko wa pwani nzima. Asubuhi naondoka, jioni narudi."

"Kimbiji utafika?"

"Kimbiji ndiyo mwisho. Nageuzia hapo."

"Nipeleke."

Akararua upande wa boksi la tyubu, akachukua penseli ya sikioni, na tukaanza kuchora ramani.

Tulipanga kwa majuma. Nimekaa kwenye vikao vingi vya kazi tangu wakati huo, sijaona kilichopangwa vile. Boksi lilikuwa na Kariakoo chini, pantoni, Mjimwema, Gezaulole, Kimbiji, halafu mstari wa kurudi kwa Kibada na Kongowe hadi Mbagala. Mtani alinipa mimi kazi ya orodha. Kidumu cha petroli, maana huko mbele hakuna sheli. Plagi ya akiba. Pampu, viraka, solusheni. Akinitajia jambo ananiuliza na sababu yake. "Tukifika kwenye mchanga tunafanyaje?" Najibu, "Tunapunguza upepo kwenye tairi." "Na tukitoka?" "Tunajaza tena na pampu." "Anajaza nani?" "Mimi." "Haya." Tulikubaliana tuwahi kabla jua halijapasha mchanga moto, tunywe madafu Mjimwema, na adhuhuri tuiswali Kimbiji.

Mara mbili alinipeleka viwanja vya Jangwani kunifundisha kukaa. Mtoto wa nyuma akikaa vibaya, alisema, anaweza kuwaangusha wote wawili. "Ukiona nalala kulia, na wewe lala kulia. Usijitie ujuzi wa kunisawazisha." Nilimshika kiunoni, shavu kwenye shati lake lenye jasho na oili, tukazunguka ule uwanja mpana ambao mvua ilikuwa imeuacha na madimbwi. Tulipolala kulia nikalala kulia. Sikumbuki furaha nyingine ya umri ule inayofikia hiyo.

Jambo kubwa nilikuwa sijalitoa. Nikalitoa siku ya viraka.

"Mtani, nikishafika Kimbiji mimi sirudi."

"Hurudi wapi?"

"Hapa. Nabaki kwa mama. Wewe ukirudi uwaambie nimebaki."

Hakucheka. Akachukua plagi, akaifuta, akaigeuza, akaifuta tena.

"Mama yako anajua?"

"Hajui. Nataka nimshtukize."

"Mtu hashtukizwi na mtoto, Mzaramo. Mtoto anakula, mtoto anataka pa kulala. Ngoja nimtumie habari kwa yule jamaa wa madafu, si anatoka hukohuko?"

"Usimwambie Bibi."

"Bibi yako mimi namwambiaga nini zaidi ya matusi?"

Kwa watu wazima safari iliombwa kwa mtindo wao. Mtani alisimama uani akamwambia baba kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, "Jumapili namchukua mtumwa wangu nikamwoneshe bahari." Baba akajibu, "Ukimwangusha nakudai ng'ombe." Wakacheka, na ruhusa ikawa imetoka. Mimi nikakunja nguo zangu zote, siyo nyingi, pamoja na madaftari na juzuu yangu, nikazitia kwenye mfuko wa nailoni chini ya kitanda. Nilimwonea huruma Bibi kidogo. Nilimpenda, na nilikuwa nakwenda kumwacha bila kuaga.

Jumamosi Bibi alipiga pasi gauni langu la Idi, pasi ya mkaa, akinyunyiza maji kwa mdomo. "Unakwenda kutembea, lazima upendeze." Baada ya alasiri akanikalisha uani, kichwa changu magotini kwake, akaanza kunisuka mtindo wa twende kilioni. Alikuwa amefika nusu nilipomwona yule mtu wa madafu amesimamisha baiskeli mlangoni, anazungumza na Mtani. Hawakuzungumza sana. Mtani akaja uani, akamwita Bibi pembeni, na baba akaitwa pia, wakaingia chumbani wakafunga mlango. Nilibaki na nywele nusu. Nikajua wanapanga habari ya petroli.

Bibi aliporudi akakaa, akaendelea kusuka. Alinivuta nywele mpaka macho yakatoka machozi, nami sikulalamika, maana nilitaka nywele zangu zidumu.

Alfajiri niliamshwa na mlio wa kiki ya pikipiki. Nilikimbia ukumbini nikakuta lile boksi tupu lenye doa la oili, na harufu imejaa nyumba nzima. Amekwenda kujaza, nikasema moyoni. Nikaoga, nikavaa gauni, nikachukua mfuko wangu, nikaenda kukaa barazani.

Kariakoo ya Jumapili nayo ina watu. Mikokoteni ilipita na marobota ya mitumba, muuza kahawa akapita akigonga vikombe vyake, majirani wakafungua milango. Kila aliyepita aliniuliza leo wapi, mbona umependeza hivyo, nami kila aliyeuliza nilimjibu. Kimbiji. Kwa pikipiki. Tunazunguka. Bibi alitoka mara tatu akatazama mwisho wa mtaa, kisha akarudi ndani bila kuniangalia. Nilidhani na yeye ana hamu ya kuniona naondoka. Jua likapanda, likaingia barazani, likafika miguuni, likafika magotini. Nikausogeza mfuko kivulini kwa sababu ya juzuu.

Saa nne Bibi akatoka akipiga makofi. Nyuma yake walikuwa wapangaji wanawake, na nyuma yao baba.

"Haya! Umepatikana!" Bibi akasema. "Mtani wako kakupata leo, mjukuu wangu!"

Sikuelewa. "Kaenda kujaza petroli," nikasema.

"Petroli gani? Mnyamwezi yule, wewe ulimwamini? Kakutania!"

Wanawake wakacheka. Muuza duka wa ng'ambo ya mtaa, niliyekuwa nimemweleza safari yote mpaka habari ya upepo wa tairi, akacheka. Na baba akacheka, amesimama mlangoni, mkono mmoja juu ya fremu. Baba si mtu wa kicheko. Sijamsikia akicheka vile kabla ya siku hiyo wala baada yake, kwa nguvu hivyo, kuliko wote. Nilipoanza kulia Bibi akanishika mkono, akasema, "Usinune. Ni utani. Utani haununiwi."

Kwa hiyo hata kulia sikuruhusiwa. Hicho ndicho kilichoniuma kwa miaka. Mtu akikuibia una haki ya kupiga kelele; mimi nilichukuliwa kitu changu chote mbele ya mtaa mzima, na nikatakiwa nicheke pamoja nao. Nikaanza kuhesabu waliojua. Bibi aliyepiga pasi alijua. Baba alijua. Walifunga mlango Jumamosi wakakubaliana, halafu Bibi akarudi kunisuka, akamalizia nywele za mtu anayekwenda kuchekwa. Gauni nikalivua mwenyewe, nikalitupa chini ya kitanda pamoja na mfuko.

Alasiri nikasikia pikipiki. Ilikuwa imejaa vumbi mpaka kwenye taa, na mchanga mweupe, ule wa ufukoni, umeganda kwenye spoku. Macho ya Mtani yalikuwa mekundu. Nikatazama ule mchanga na kila kitu kikawa wazi kwangu. Amekwenda. Mzunguko wetu ameupiga peke yake, madafu kanywa peke yake.

"Mzaramo," akasema, kwa sauti ile ya chini.

Nikampita. Lile boksi la ramani lilikuwa chumbani kwetu. Nikampelekea Bibi awashie mkaa. Tangu siku hiyo sikumpa Mtani shikamoo. Bibi ambaye angenizaba kibao kwa kumpita hata mwendawazimu wa mtaani bila kumwamkia, hakusema kitu. Mtani naye hakuingia tena kwenye sufuria ya mtu. Baada ya miezi michache akahamia Buguruni na kibanda chake, na nikafurahi, nikamsikia Bibi akisema nyumba imepoa.

Nilipomaliza kidato cha nne nilikwenda Kimbiji mwenyewe. Nikamkuta mama ana mume na watoto wawili wa kiume, habari nilizokuwa nimezisikia juujuu. Alinikumbatia akalia. "Siku zote nilikuwa nakungoja," akasema. Nilimsimulia habari ya pikipiki, jinsi nilivyokaa barazani na mfuko wangu, jinsi Mnyamwezi alivyonidanganya. Mama akatikisa kichwa. "Watu wa bara hao," akasema. Nikajisikia nimepata mtu wa upande wangu. Mumewe alipofariki na wanangu wakaanza kuzaliwa, nilimchukua mama akaja kuishi kwangu, na amekaa nami mpaka leo. Ni mama mzuri. Wanangu hawali chakula cha mtu mwingine.

Mtani alipofariki, baba alinipigia simu. Watani wana kazi yao msibani, akasema, na sisi tuliobaki ni wachache. Nije nikajilaze hata mimi mlangoni, nimdai marehemu kofia. Nilimwambia nina kazi nyingi. Sikuwa na kazi. Nilikaa nyumbani nikapanga vyombo kabatini, nikaona nimemlipa.

Sasa baada ya ile harufu ya getini, Ijumaa ikafika, siku yangu ya kumpelekea baba chakula. Bado anaishi nyumba ileile. Baraza limegeuzwa duka la vifuniko vya simu, yeye hukaa ukumbini kwenye kiti cha kukunja. Nilimwamkia, akaitikia, nikampakulia. Nikamsimulia vijana wa ofisini na mzunguko wao, halafu kwa mzaha nikasema, "Niliwataka wajihadhari wasipangiwe na Mnyamwezi."

Baba akaacha kutafuna. "Marehemu hakukudanganya yule."

"Baba, mimi nilikaa pale nje tangu alfajiri."

"Najua. Alikwenda kumwomba mama yako." Alikuwa anaongea na sahani. "Jumamosi ile mtu wa madafu alileta jibu kwamba mtoto asije. Mama yako alikuwa kaolewa, ndoa bado changa, na mume hataki kusikia habari ya mtoto wa mtu. Mtani akasema jibu la kutumiwa yeye halikubali, anakwenda kulisikia kwa masikio yake. Akasema, ikifika saa nne sijarudi kumchukua mtoto, jueni mama yake amekataa."

"Mkatoka mkanicheka."

"Bibi yako alisema, mtoto akijua kakataliwa na mama yake, hilo litamkaa mpaka uzeeni. Akijua kataniwa na Mnyamwezi, litakwisha Idi ijayo. Na Mtani mwenyewe alikuwa kakubali kabla hajaondoka. Alisema, niwekeni mimi, mimi nimezoea kutukanwa na Wazaramo." Baba akasukuma sahani. "Nisingekwambia. Uzee huu unanitoa mambo mdomoni."

Nilivunja kanuni ya adabu, sikumuaga baba. Nilitembea mpaka Msimbazi nikiwa sioni vizuri. Nilikuwa na hasira na kila mtu na sikuwa na wa kumpa. Bibi yuko kaburini, Mtani yuko kaburini, na kwake yule sikwenda hata kutupa udongo. Miaka yote nilikuwa nimeibeba hasira nikampelekea mtu mmoja, na mtu huyo ndiye peke yake aliyekwenda mchangani kunitafutia mama. Walinidanganya kwa huruma, sawa. Lakini wamenifanya nimnyime shikamoo mtu yule mpaka akafa, na hilo hawakuniuliza kama nalitaka.

Nyumbani nilimkuta mama jikoni anaungia samaki nazi. Watoto walikuwa nje.

"Mbona hivyo? Joto?" akaniuliza.

"Nilikuwa kwa baba." Nikakaa kwenye kigoda. "Vijana wa ofisini wanaenda Kimbiji na pikipiki."

"Si ungeenda nao ukaone." Akaonja mchuzi, akaongeza chumvi. "Ingawa wewe kwetu hukupapenda. Udogoni kote huko hukuja hata mara moja."

Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayetaja kwamba fulani hapendi bamia. Nikaona kwamba amelisema hilo mara nyingi mno, kwa majirani, kwa watoto wake, kwa wanangu, mpaka kwake limekuwa ndivyo lilivyo.

"Mama. Mtani alikuja Kimbiji?"

Upawa ukasimama ndani ya sufuria.

"Nani kakwambia?"

"Alikuja?"

Alizima jiko. Alifunika sufuria, akafuta mikono kwenye kanga, polepole, kidole kwa kidole, kisha akajibu.

"Alikuja. Alikaa kizingitini mpaka adhuhuri, anabembeleza, mtu mzima na vumbi lake. Nilimwambia aondoke mume asije akamkuta." Hakuwa ananitazama. "Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nimeshaachwa mara moja. Sikuwa na pengine pa kwenda. Wewe ungefanyaje?"

"Sijui, mama," nikamwambia. "Mimi nilikuwa na miaka tisa."